Maswali ya Wasomaji: Florence Nightingale, Muuguzi Aliyeziamini Hesabu

Tangu tulipoadhimisha Siku ya Wauguzi Duniani tarehe 12 Mei, safu hii imepokea maswali mengi kuhusu mwanamke ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyochaguliwa kwa maadhimisho hayo. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na nafasi kubwa nimewapa waliouliza kuhusu kazi yake yenyewe, kwa kuwa jina la Florence Nightingale hutajwa sana vyuoni mwetu ilhali kazi aliyoifanya inafahamika kidogo mno.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri masomo ya sayansi, lakini anataka kusomea uuguzi. Mama yake na wajomba zake wanasema anajishusha, kwa kuwa alama zake zinamtosha kusomea udaktari. Yeye hujitetea kwa kumtaja Nightingale. Je, wazazi wa mwanamke huyo waliridhia? (Mzazi, Iringa)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hawakuridhia, na ukaidi wao ulidumu miaka mingi. Florence alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wakati wazazi wake Waingereza wakiwa katika matembezi marefu ya baada ya harusi, naye akapewa jina la mji huo. Familia ilikuwa tajiri. Ilimiliki nyumba ya Lea Hurst huko Derbyshire na nyingine ya Embley huko Hampshire. Baba yake alimfundisha mwenyewe Kigiriki, Kilatini, historia na falsafa, elimu ambayo wasichana wengi wa zama zile hawakuipata, na hisabati akaipata baada ya kuidai kwa muda mrefu. Mwezi Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita amtumikie. Mwaka 1845 alipoomba ruhusa ya kujifunza katika hospitali ya Salisbury, nyumba nzima ilishikwa na taharuki, maana hospitali za wakati huo zilikuwa mahali pa maskini, na waliouguza humo walidhaniwa kuwa ni wanawake walevi wasio na heshima. Mwaka 1849 alimkataa Richard Monckton Milnes, mtu mwenye cheo na elimu aliyekuwa amemposa kwa miaka kadhaa, kwa sababu aliona kwamba maisha ya kukaribisha wageni sebuleni yangemmaliza. Ni mwaka 1851 tu ndipo alipopata miezi mitatu ya mafunzo Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 baba yake akakubali kumpa pauni 500 kwa mwaka, naye akaenda kusimamia nyumba ndogo ya kuuguzia wanawake katika mtaa wa Harley, London.

Mwambie mama yake binti pamoja na wajomba kwamba katika miaka ile ya kukatazwa, Florence alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko kusoma taarifa za serikali kuhusu hospitali na afya ya umma, akinakili takwimu zake daftari baada ya daftari. Uuguzi aliuchagua akiwa na akili ya kumtosha kwa kazi yoyote. Mtu anayepanga dozi, anayetambua kwamba mgonjwa anazidiwa kabla daktari hajafika, na anayesimamia wodi nzima usiku, anaihitaji sayansi ile ile ambayo binti yako ameifaulu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tulifundishwa kwamba Nightingale alipofika katika hospitali ya vita alipunguza vifo kutoka asilimia 42 hadi asilimia 2 kwa usafi na huruma yake. Mwenzangu darasani anasema huo ni uongo. Naomba ufafanuzi. (Mwanafunzi wa uuguzi, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tarakimu zenyewe ni za kweli, lakini hadithi iliyojengwa juu yake imeruka sehemu iliyo muhimu kuliko zote, na ningependa uijue kabla hujaingia wodini.

Uingereza iliingia katika vita vya Crimea mwezi Machi 1854, ikiwa pamoja na Ufaransa na dola ya Waturuki dhidi ya Urusi. Majeruhi na wagonjwa walivushwa kwa meli kupitia Bahari Nyeusi hadi Scutari, upande wa Asia wa mji ambao leo tunauita Istanbul, wakalazwa katika kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa kuwa hospitali. Taarifa za William Howard Russell katika gazeti la The Times zilipowaonyesha Waingereza jinsi askari wao walivyokuwa wakifa bila huduma, Sidney Herbert, waziri aliyehusika na mambo ya jeshi na rafiki wa Nightingale, alimwomba apeleke wauguzi. Aliondoka tarehe 21 Oktoba 1854 akiwa na wanawake 38, baadhi yao watawa wa Kikatoliki na wa Kianglikana, na wengine wauguzi wa kuajiriwa, akafika tarehe 4 Novemba.

Madaktari wa jeshi hawakumkaribisha. Alisubiri waombe msaada wenyewe, nao waliomba mara tu majeruhi wa mapigano ya Inkerman walipowazidi. Tangu hapo alifanya kazi ambayo kwa lugha ya leo tungeiita ugavi na utawala: alinunua mashati, brashi za kusugulia sakafu, vyombo vya kulia na sabuni, kwa fedha zilizochangwa na wasomaji wa The Times na pia kwa fedha zake, alianzisha majiko ya chakula cha wagonjwa, alikodi nyumba akaiwekea mapipa ya kuchemshia nguo. Yote haya yalipunguza mateso ya watu wale, na askari walioyaona hawakumsahau hadi kufa kwao.

Hata hivyo, katika miezi hiyo hiyo vifo vilizidi kupanda. Februari 1855, miezi mitatu baada ya yeye kufika, wagonjwa wapatao 42 kati ya kila 100 waliolazwa walikuwa wakifa, wengi wao kwa kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Jengo lile lilikuwa limekalia mifereji ya maji machafu iliyoziba, hewa yake ilikuwa chafu, na wagonjwa walirundikwa ndani yake kwa maelfu. Mwezi Machi tume ya usafi iliyotumwa na serikali, ikiongozwa na daktari John Sutherland pamoja na mhandisi Robert Rawlinson, iliwasili; ikazibua na kusukuma maji katika mifereji, ikafungua njia za hewa, ikapunguza msongamano, ikaondoa mizoga, ukiwemo wa farasi aliyekuwa ndani ya njia ya maji ya kunywa. Ifikapo Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu wawili kati ya mia.

Kwa hiyo mwenzako ana haki ya kuikataa hadithi, ila asiishie hapo. Nightingale alirudi Uingereza Agosti 1856 akiamini kwamba askari walikufa kwa sababu ya njaa, baridi, na kuletwa hospitalini wakiwa wamechelewa. Kisha akakaa na mtakwimu William Farr, wakalinganisha hospitali na hospitali na mwezi na mwezi, na hesabu zikamwonyesha kwamba Scutari, mahali alipojitoa mhanga, ndipo palipokuwa pabaya zaidi kuliko hospitali za karibu na uwanja wa vita, na kwamba jengo lenyewe ndilo lililoua. Nchi nzima ilikuwa ikimwimbia sifa kwa ajili ya hospitali hiyo. Angeweza kunyamaza na asingeulizwa na mtu. Badala yake aliutumia ukweli huo kama msingi wa kila alichokidai kwa miaka 50 iliyofuata, na mimi naamini kwamba ukubwa wake unaanzia hapo. Wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 16,000 walikufa kwa maradhi katika vita vile, na waliokufa kwa silaha na majeraha hawakufika 5,000. Yeye alitaka kila mtu mwenye mamlaka aitazame tofauti hiyo.

SWALI: Taa yake ilikuwa ya aina gani, na je, kiapo tunachokisoma siku ya mahafali alikiandika yeye? (Muuguzi, Morogoro)

JIBU: Taa aliyozunguka nayo wodini usiku ilikuwa fanusi ya Kituruki ya kukunjwa, yenye mshumaa ndani; ile taa ya kibuyu inayoonekana katika beji na vyeti vingi ilichorwa na wasanii ambao hawakuwahi kufika Scutari. Kiapo hakukiandika. Kilitungwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, wakakipa jina lake kwa heshima.

SWALI: Nimesoma kwamba baada ya vita Nightingale alikaa kitandani karibu maisha yake yote. Sasa hayo mageuzi aliyafanya lini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Aliyafanya akiwa kitandani humo. Mwezi Mei 1855 alipokwenda Balaklava, bandari ya Crimea, kukagua hospitali, alishikwa na homa kali iliyokaribia kumuua, na wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba ilikuwa bruselosisi, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vizuri. Ulimrudia kwa maumivu ya mgongo na uchovu kwa miongo mingi. Kuanzia mwaka 1857 alipokea wageni wachache, mmoja mmoja, na mawaziri waliotaka ushauri wake walikwenda chumbani kwake.

Mwanamke hakuweza kuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya mwaka 1857 iliyochunguza afya ya jeshi. Sidney Herbert aliiongoza, na Nightingale akaandaa ushahidi, maswali ya mashahidi na takwimu, akatoa maelezo yake kwa maandishi. Alionyesha kwamba askari vijana wenye afya, wakiwa kambini Uingereza wakati wa amani, walikufa kwa kiwango cha 17 hadi 20 kwa kila 1,000 kwa mwaka, wakati raia wa umri wao walikufa 11. Akasema kwamba kuacha hali hiyo iendelee ni uhalifu sawa na kuwatoa watu 1,100 kila mwaka katika uwanda wa Salisbury na kuwapiga risasi. Kwa kuwa alijua kwamba wakubwa hawasomi majedwali, mwaka 1858 alichapisha mchoro wa duara uliogawanywa vipande 12, kila kipande mwezi mmoja, buluu ikiwa vifo vya maradhi yanayozuilika, nyekundu majeraha, nyeusi sababu nyingine. Mtu asiyejua hesabu kabisa akiutazama anaona jinsi buluu inavyoimeza nyekundu. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Chama cha Takwimu cha Uingereza.

Shule yake ya uuguzi ilifunguliwa tarehe 9 Julai 1860 katika hospitali ya St Thomas', London, kwa fedha ambazo wananchi walichanga kumshukuru, pauni zipatazo 45,000. Wanafunzi walikaa katika bweni lao, walipewa posho, walifundishwa kwa mwaka mmoja wakiwa wodini chini ya masista, yaani wauguzi wakuu wa wodi, na Bi. Wardroper, matroni wa hospitali, aliandika taarifa ya mwenendo na ujuzi wa kila mmoja. Kilichokuwa kipya ni kwamba uuguzi ulikuwa na mtaala, mwalimu na msimamizi wake mwenyewe, na waliohitimu walitumwa kwenda kuanzisha utaratibu huo kwingine. Kitabu chake kidogo kuhusu uuguzi, kilichotoka mapema mwaka 1860, kiliwalenga hasa wanawake wanaouguza watu wao nyumbani: kinazungumzia hewa safi, mwanga, kelele, chakula, usafi wa kitanda, na namna ya kumchunguza mgonjwa bila kumchosha.

Mimi binafsi napenda zaidi kazi yake kwa ajili ya wagonjwa maskini. Uingereza ilikuwa na nyumba ambamo maskini walifungiwa kufanya kazi ili wapate chakula, na mgonjwa aliyelazwa humo aliuguzwa na maskini wenzake wasio na mafunzo yoyote. Mwaka 1865, kwa fedha za mfanyabiashara William Rathbone, Agnes Jones aliyehitimu katika shule ya Nightingale alikwenda na wauguzi 12 katika nyumba ya namna hiyo Liverpool. Alifariki mwaka 1868 kwa homa aliyoipata kazini, akiwa na miaka 35. Wakati huo Nightingale alikuwa akiishinikiza serikali ikubali kwamba maskini akiugua ni mgonjwa kama mwingine yeyote, hastahili adhabu, na kwamba gharama zake zibebwe na jiji zima badala ya mtaa wake peke yake. Sheria ya mwaka 1867 kuhusu maskini wa London ilichukua sehemu tu ya madai yake, lakini kutokana nayo zilijengwa hospitali za umma zilizotengwa na nyumba za kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wakunga wangepaswa kulijua. Shule ya ukunga aliyoianzisha katika hospitali ya King's College aliifunga mwaka 1867, kwa sababu akina mama waliojifungua walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi. Hakuridhika na kuifunga tu. Alikusanya takwimu kutoka sehemu nyingi, na mwaka 1871 akachapisha matokeo: mwanamke aliyejifungulia nyumbani kwake, hata akiwa maskini, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko aliyejifungulia katika wodi kubwa za wakati ule. Hii ilikuwa mara ya pili hesabu kumgeukia, na kwa mara ya pili alizikubali.

Makosa pia alikuwa nayo. Alichelewa kuikubali nadharia ya vijidudu, na wauguzi walipoanza kudai usajili wa kitaifa mwishoni mwa miaka ya 1880 aliwapinga kwa nguvu, akidai kwamba mtihani na orodha haviwezi kupima tabia ya muuguzi. Hoja yake ina ukweli ndani yake, lakini nadhani alikosea: pasipo usajili mgonjwa hana namna ya kumjua muuguzi wa kweli na wa bandia, na tukiwa na mabaraza ya uuguzi katika nchi zetu tunaliona hilo wazi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya usajili mwaka 1919, miaka tisa baada ya kifo chake.

SWALI: Je, Nightingale alikuwa na uhusiano wowote na huku kwetu Zanzibar? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Hakuwahi kufika Afrika Mashariki, Afrika aliyoiona ni Misri, alikosafiri katika Mto Nile majira ya baridi ya 1849 na 1850. Lakini watu wawili wanaofahamika sana katika historia ya Zanzibar wanahusika na habari hii. Sir Bartle Frere, aliyekuja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Sayyid Barghash kuhusu biashara ya utumwa, alikuwa kabla ya hapo gavana wa Bombay na mshirika wa karibu wa Nightingale katika mipango ya maji na usafi wa India. John Kirk, balozi aliyefikisha mkataba wa kuikomesha biashara hiyo kwenye kusainiwa mwezi Juni mwaka ule, alianza kazi akiwa daktari kijana katika vita vya Crimea, katika hospitali ya Renkioi, Uturuki. Hospitali hiyo iliundwa Uingereza vipande vipande na mhandisi Isambard Kingdom Brunel, ikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa ikiwa na mabomba ya hewa, mifereji na vyoo vyake. Katika wagonjwa wapatao 1,300 waliolazwa humo walikufa karibu 50. Madaktari na maradhi yalikuwa ya vita vile vile. Jengo lilikuwa na tofauti kubwa.

SWALI: Watoto wangu wanasoma Uingereza na wamefundishwa kuhusu Mary Seacole. Mbona sisi tulipokuwa shuleni hatukumsikia? Na je, Nightingale hakuwa sehemu ya ukoloni? (Mama wa watoto wawili, Leicester)

JIBU: Mama, hatukumsikia kwa sababu waliotuandalia mitaala hawakumhesabu. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805, mama yake akiwa mganga aliyeheshimika, na alikuwa amekwisha kuuguza wagonjwa wa kipindupindu kabla ya vita. Aliomba kujiunga na wauguzi waliokuwa wakitumwa Crimea akakataliwa London, naye mwenyewe alijiuliza kama rangi yake ndiyo sababu. Akasafiri kwa gharama zake, akajenga karibu na Balaklava nyumba ya kuuzia chakula na bidhaa, akawatibu askari hapo na katika uwanja wa mapigano. Vita vilipokwisha alifilisika, na askari wakamchangia. Sanamu yake imesimama mbele ya hospitali ya St Thomas' tangu mwaka 2016. Nightingale aliandika barua mwaka 1870 iliyomsema vibaya kwa shemeji yake, na haimpendezi.

Kuhusu ukoloni, jibu ni ndiyo. Aliamini kwamba utawala wa Kiingereza una haki ya kuwapo, ila utekeleze wajibu wake. Mwaka 1863 alichapisha takwimu za shule na hospitali za wenyeji katika makoloni, zikiwemo za Sierra Leone na Natal, akieleza jinsi watoto walivyokuwa wakifa shuleni, lakini katika maandishi hayo alizungumza juu ya kuwastaarabisha wenyeji kana kwamba hawakuwa na ustaarabu wao. Kadiri alivyozeeka alizidi kuilaumu serikali kwa njaa na kodi zilizowakandamiza wakulima wa India. Naomba watoto wako wasome habari za wanawake wote wawili, wala wasiambiwe kwamba ni lazima mmoja ashushwe ili mwingine apande.

SWALI: Mimi ni muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kijijini. Tenki letu la maji limepasuka, tunaandika barua kila robo mwaka na hatujibiwi. Ungekuwa wewe ungemtumiaje Nightingale hapa? (Muuguzi, Kigoma)

JIBU: Pole sana kwa kazi, mwanangu, na ahsante kwa swali. Mwaka 1860 Nightingale alipeleka kwa wanatakwimu wa nchi mbalimbali waliokutana London fomu moja ambayo kila hospitali ingejaza kwa namna ile ile, kwa sababu aliona kwamba malalamiko yasiyolingana hayawezi kujumlishwa. Wewe fomu unazo tayari, nazo ni vitabu vyako vya MTUHA, yaani vya kuandikia taarifa za huduma za afya. Chukua miezi 12 kabla tenki halijapasuka na miezi iliyofuata, toa idadi ya wagonjwa wa kuhara walio chini ya miaka mitano, idadi ya waliojifungua, na walioshikwa na homa au kuoza kidonda baada ya kujifungua au kushonwa. Karibu na kila mwezi andika siku ambazo zahanati haikuwa na maji. Usiongeze wala kupunguza, hata kama mwezi mmoja utakwenda kinyume na unavyotarajia, maana atakayekukagua ataanzia hapo.

Kisha chora nguzo za rangi mbili katika karatasi moja, miezi yenye maji na miezi isiyo na maji, ili mjumbe wa kamati asiyezoea majedwali aione tofauti kwa mtazamo mmoja. Barua yenyewe isizidi ukurasa. Itaje bei ya tenki na ya fundi, na tarehe unayoomba kupata jibu. Iwasilishe katika kikao cha Kamati ya Usimamizi wa zahanati ili iingie katika kumbukumbu za kikao, nakala apelekewe Mganga Mkuu wa Wilaya na diwani wa kata. Mwezi unaofuata peleka mchoro ule ule ukiwa na nguzo moja zaidi, na uendelee hivyo kila mwezi mpaka wakujibu.